Kamati ya Kuongeza Chokaa Kwenye Saruji

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha ya kiasi kinachoruhusiwa kiutumishi, kwamba nchi yetu ndiyo ya kwanza kuwa na Kamati Maalumu ya Kuongeza Chokaa Kwenye Saruji, na kwamba katibu wake ni mimi. Mitaani wanasema kamati hiyo imekufa. Si kweli. Ipo, ila haikutani.

Kwa faida ya wasiojua, nieleze. Jiwe la chokaa huchimbwa mlimani, likachomwa tanurini pamoja na udongo hadi vikatoka vinundu vigumu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa, ndiyo saruji. Sasa, wakati wa kusaga, waweza kuongeza jiwe la chokaa kidogo, bichi, ambalo halikupita motoni. Saruji inabaki nzuri, mafuta ya tanuri yanapungua, na moshi nao unapungua. Haya yote aliyaeleza mkemia wa kiwanda, mama mmoja asiyependa kurudia maneno, mbele ya Mheshimiwa Waziri wa Saruji, Kokoto na Matarajio. Mheshimiwa alilidaka neno "nzuri". Neno "kidogo" likampita pembeni.

"Kama kidogo ni kizuri," akauliza, "kwa nini tuwanyime wananchi kingi?"

Hapakuwa na mtu mwenye mshahara aliyeweza kujibu swali hilo. Kamati ikaundwa palepale.

Tulifanya kazi kwa bidii. Kila kikao kiliongeza chokaa na kila kikao kilifungwa kwa makofi. Tanuri likawa linalala zaidi kuliko linavyowaka, na Mheshimiwa akapigwa picha chini ya bomba la moshi akivuta hewa safi. Mkemia akasema saruji ya namna hiyo haitashika hata ikibembelezwa. Tukamshukuru kwa mchango wake, kisha tukamhamishia kitengo cha mifuko, asimamie ushonaji.

Malalamiko yakaanza, kama kawaida ya watu wasiopenda maendeleo. Walidai tofali likibonyezwa kwa kidole linabonyea. Walidai ukiegemea ukuta, shati linaondoka na nusu ya ukuta. Wengine wakanunua mfuko na kwenda kuchorea mistari ya uwanja wa mpira, nasi tukalihesabu jambo hilo kama ongezeko la matumizi. Kuhusu kushika, kamati ilitoa ufafanuzi: saruji yetu haiharakishi, inashika kwa hekima.

Hata nyumbani kwangu hawakuelewa. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni fundi mwashi. Watu humwita Timazi kwa sababu ukuta wake ukiuona umesimama wima, hata wewe unajinyoosha. Kwa kuniheshimu mimi, alimjengea mama yake jiko kwa saruji mpya. Siku moja mchana, mama mkwe yuko nje anapepeta mchele, ukuta ukalala chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri. Ulimkosa chupuchupu. Nilikwenda kumpa pole na kumfafanulia suala la hekima. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Aliniita Katibu.

Ndipo ukaja mradi wa zahanati ya wazazi, na Timazi akapewa kazi ya kuijenga. Mke wangu wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, na zahanati hiyo ndiyo iliyokuwa karibu nasi. Usiku na mchana kaka yake alikuwa akiwaza jambo moja tu: dada yake amelala chini ya lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango, iliyoshikiliwa na unga. Mimi kikazi sikujua lolote. Baadaye ndipo niliposikia kwamba alikwenda kwa mkemia na kumwambia wazi kwamba hawezi kuijenga kwa saruji ile. Ghalani kulikuwa na klinka iliyosahaulika. Mkemia akawaomba wasagaji waisage kwa kipimo cha zamani, na chokaa yake kidogo, kisha akaitia kwenye mifuko yetu rasmi. Mifuko, kama nilivyosema, ilikuwa chini yake.

Siku ya kuanza kwa ujenzi Mheshimiwa alikuja amevaa buti za kazi, mpya, ndefu, za kufunga kamba hadi karibu na goti. Pale itakapokuwa ngazi ya mlango mkuu Timazi alikuwa amemwaga zege muda si mrefu. Ratiba ilisema Mheshimiwa atapita kando yake. Mheshimiwa akaitazama kamera, akalitazama zege, akatangaza kwamba ataacha nyayo zake kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kwamba atahutubia akiwa amesimama ndani ya maendeleo yenyewe. Akazama hadi katikati ya kamba za buti.

Timazi alininong'oneza kwamba hotuba iwe fupi. Nikamwambia urefu wa hotuba ni suala la kisera. Akasema, "Shemeji, hii inashika." Nikamtazama kwa huruma. Nilikuwa mtu wa mwisho nchini aliyeamini vikao vyake mwenyewe.

Jua lilikuwa kali. Mheshimiwa alianza na historia ya mawe, akaja kwenye wapinzani wa chokaa, akamaliza mpinzani mmoja mmoja. Saa zikapita. Waliokuja na miavuli wakaifungua, wasio nayo wakahamia kwenye kivuli cha wenye nayo. Hatimaye akashukuru, akapigiwa makofi, akainua mguu wa kulia. Haukuja. Akajaribu wa kushoto, nao ukakaa. Akatabasamu na kurudi kwenye hotuba, akagusia umuhimu wa ushirikiano.

Wajumbe tukamzunguka, tukakutana palepale tumesimama. Tatizo lilikuwa la kitaalamu. Ili zege livunjwe, lazima mtu aseme limeshika. Na likiwa limeshika asubuhi moja, basi si letu. Mjumbe mmoja akapendekeza tulimwagie maji. Mwingine akapendekeza Mheshimiwa aachwe hapo kwa muda, kama sehemu ya jengo. Pendekezo hilo lilikataliwa na Mheshimiwa.

Timazi akaja na nyundo na tindo, akachutama miguuni pake kwa adabu. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

"Mheshimiwa, samahani," akasema. "Nisije nikavunja mali ya umma bila idhini. Hili zege limeshika, au bado?"

Mheshimiwa alinitazama mimi. Mimi nikatazama mlima. Mifuko mitupu ikapeperuka uwanjani. Jasho likamtiririka shingoni.

"Limeshika," Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama kwa daktari.

Mama mkwe alikuwa nyuma kabisa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ongeza sauti, baba," akasema. "Huku nyuma hatujasikia."

Akaongeza.

Timazi aligonga, akagonga, zege likatoa cheche lakini halikutoa buti. Mwishowe ikabidi ngozi ya buti ichanwe kwa kisu, na Mheshimiwa akavutwa juu kama muhogo, akaondoka na soksi tu. Buti zikabaki.

Timazi hakushitakiwa. Mwanasheria wa Wizara aliandaa shitaka la kutengeneza, kwa makusudi, saruji inayoshika. Alipolisoma kwa sauti akaomba likizo. Mkemia alirudishwa kwenye kinu, na tanuri likaanza kuwaka. Mke wangu alijifungua salama ndani ya kuta ambazo nilizigonga mwenyewe kwa ngumi, ukuta baada ya ukuta, nikiwa peke yangu koridoni nikisubiri kilio cha mtoto. Mkono uliniuma. Sijawahi kufurahia maumivu kiasi hicho.

Saruji ya kamati bado imejaa maghalani, na bado inauzwa. Juzi nilikuwa dukani nanunua misumari, akaingia dereva wa Mheshimiwa, aliyetumwa saruji ya ukuta wa nyumba ya bosi wake. Muuzaji akamuuliza anataka ipi: ya kamati au ya buti.

Dereva aliangalia mlangoni, akainama juu ya kaunta.

"Ya buti," akasema. "Amesisitiza."