Mbuzi wa Mahari na Matairi Yangu ya Herufi Nyeupe

Leo nimevuliwa nguo na mbuzi. (Suruali ninayo. Nazungumzia heshima.)

Naandika nikiwa ndani ya gari langu, katika boma la watu, karibu na Kagio, na siwezi kutoka. Sababu nitawaambia, lakini mnisomee kwa huruma.

Mnaonijua mnalijua gari lenyewe. Ni la zamani, baba aliniachia, na nyumbani tunaliita Cucu, yaani nyanya, kwa sababu likipanda mlima linaguna. Katika ukoo wetu, kukiwa na ruracio, siku ya kupeleka mahari, Cucu ndiye hutangulia. Ndiye humbeba mzee. Magari mengine hufuata nyuma, hata yawe mapya namna gani. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo ukoo umewahi kunipa, na sikuwahi kuomba nyingine.

Halafu Muriithi akanunua gari.

Muriithi ni binamu yangu. Tumelingana umri, tumelingana kimo, na tangu utotoni akipata kitu mimi tumbo huniuma. Gari lake ni jekundu, la milango miwili, nalo ni la zamani kama langu, ila limetunzwa. Hilo ningevumilia. Kilichonimaliza ni matairi. Mapana, meusi tititi, na ubavuni yale maandishi yaliyoinuka kwenye mpira ni meupe. Unayaona kutoka ng'ambo ya barabara. Akiegesha mjini Nyeri, vijana wanachuchumaa kando ya gurudumu wapigwe picha. Cucu hajawahi kupigwa picha na mtu, isipokuwa askari wa trafiki.

Niliona wivu. Sitaki kuupamba kwa jina lingine. Chakula cha mchana nilikiacha mezani.

Nikaenda kwenye duka la matairi. Muuzaji akaniambia saizi ya Cucu haiji na herufi nyeupe. Lakini, akasema, kuna kalamu ya rangi ya kupaka herufi za tairi lolote ulilo nalo.

"Nipe hiyo."

"Iliisha, boss. Ya mwisho ilichukuliwa na jamaa wa gari nyekundu."

(Kumbe hata zake ni za kupaka! Badala ya kunituliza, iliniuma zaidi.)

Na ruracio ya Mwangi, mtoto wa Anko Wahome, mzee wetu wa ukoo, ilikuwa leo. Nilijua nikifika na matairi ya kijivu, Anko atapanda gari jekundu, na Cucu atageuzwa gari la kubebea sufuria. Kwa hivyo nikaamua kujitengenezea rangi.

Rangi ya mafuta sikuitaka, maana tairi likizunguka inapasuka na kubanduka. Nikamkumbuka mama. Kila Krismasi mama hupaka chokaa mawe ya langoni kwetu, na mvua za Nyeri hupita zikayaacha vilevile. Siri yake ni chokaa, uji wa unga wa ngano, na chumvi. Chumvi nyingi. Chumvi ndiyo hushika. Basi jana mchana nikachanganya. Chumvi ya jikoni ilikuwa kidogo, nikaingia zizini, nikachukua lile jiwe la chumvi la ng'ombe, nikalitwanga lote.

Wanjugu, mke wangu, alinikuta nimelala chini ubavu, mswaki mkononi, namsugulia Cucu herufi.

"Baba Wairimu, hiyo si ni chumvi ya ng'ombe?"

"Ni ya kushika rangi."

"Haya. Ng'ombe ikiuliza, utaijibu wewe."

Nilikuwa nimegundua jambo la kuhuzunisha: matairi yangu yana majina ya kampuni nne tofauti, kana kwamba Cucu alichangiwa na majirani. Haidhuru. Nyeupe ni nyeupe. Nilipaka, nikangoja ikauke, nikapaka tena juu yake, hadi herufi zikawa nene na nyeupe kama ugali wa mgeni. Nililala nikitabasamu.

Asubuhi ya leo tukakutana kwa Anko Wahome, Karatina. Niliingia polepole, kioo nimeshusha, kiwiko nje. Watu wakageuka. Shangazi mmoja akasema, "Wee, Ndegwa!" Muriithi akaacha kufuta gari lake akainama kuangalia magurudumu yangu. Nawaambieni, tumbo langu lilipoa kabisa. Sijawahi kuinamiwa na Muriithi.

Anko akatoka na kofia yake na fimbo.

"Ndegwa, kwani Cucu imevaa viatu mpya?"

"Ni kazi kidogo tu, Anko." Nikamfungulia mlango wa mbele.

Hakuja. Alipitia mbele ya Cucu akaenda kusimama kando ya gari jekundu.

"Leo wacha niende na Muriithi," akasema. "Hiyo kiti yako iko na waya inanidunga. Imenidunga ruracio zote. Sasa wewe kaa nyuma kabisa, uniangalilie pikapu ya mbuzi."

Anko ni mtu mkubwa. Gari la Muriithi ni dogo. Ilibidi asukumwe kidogo, akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu, lakini akapunga mkono kama amekalia sofa. Muriithi akanikonyeza. Msafara ukaondoka, mimi wa mwisho katika magari ya watu, na nyuma yangu pikapu ya mbuzi wa mahari. Wanjugu ndiye alikalia kile kiti chenye waya.

Sagana tulisimama watu wajinyooshe. Muriithi akaja moja kwa moja kwenye magurudumu yangu.

"Ndegwa, hii rangi ulitoa wapi?"

"Nairobi," nikasema. "Ni ya kuagiza. Inatoka nje."

Wanjugu aliangalia pembeni.

"Ati ya nje? Hata imekaa poa kuliko yangu," akasema Muriithi, na nikaona, kwa macho yangu mwenyewe, wivu. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wivu halisi. Ningeomba siku iishie hapo.

Dereva wa pikapu naye akacheka. "Hizi mbuzi zinapenda gari yako. Tangu Karatina zimesimama upande ya mbele, zinaiangalia tu."

Nikatazama. Kweli, mbuzi wote walikuwa wametoa shingo, masikio mbele, wananikodolea macho. Nikasema hata mbuzi wanajua kitu kizuri. (Haya maneno niliyasema kwa sauti. Mashahidi wapo.)

Tukafika. Kwetu, mkienda kuposa, lango hufungwa. Akina mama wa upande wa msichana husimama ndani wakiimba, ninyi mnaimba nje, mnajibizana, mpaka waridhike wafungue. Mbuzi huteremshwa waonekane, na wao ndio huingia kwanza. Ndiyo heshima yenyewe. Msichana wa watu yuko dirishani anaangalia mbuzi wake wakiingia.

Gari jekundu lilikuwa langoni, Anko amesimama kando yake akinyoosha magoti. Mimi nyuma kule. Pikapu ikateremsha mbuzi kando ya Cucu, nyimbo zikapamba moto, lango likafunguliwa. Anko akainua fimbo.

"Leteni mbuzi!"

Mbuzi hawakwenda.

Nilidhani wamechoka. Nikachungulia nje ya dirisha. Mbuzi walikuwa wamepiga magoti kwenye magurudumu yangu. Wengine huku, wengine kule, ndimi nje, wanalamba. Wanalamba kwa bidii, macho wamefumba. Herufi ya kwanza ilikwisha nikiangalia.

Dereva wa pikapu akavuta kamba. Mbuzi akakaza miguu. Vijana wakaja kusukuma. Mbuzi mmoja akaingia chini ya gari akatokea upande wa pili kwenye gurudumu jingine. Nyimbo zikapungua, zikapungua, zikaisha. Umati wote ukarudi nyuma kuona kuna nini. Mimi nikapandisha kioo. (Kioo cha Cucu hupanda nusu tu.)

Mzee wa upande wa msichana, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, akaja mpaka kwangu. Akaangalia mbuzi. Akamwangalia Anko.

"Sasa hizi mbuzi zenu zimekataa mtoto wetu?"

Mwangi alisimama katika suti yake, jasho linamtoka, anamtazama msichana wake dirishani. Jambo halikuwa tena matairi. Mbuzi wa mahari kukataa kuingia ni neno litakalosimuliwa hadi watoto wao waoe.

"Ndegwa," akasema Anko, polepole sana, "umepaka hii gari nini?"

Nikafungua mdomo. Muriithi akaniwahi.

"Ni rangi ya kuagiza, Anko. Inatoka nje."

Kisha Wanjugu, mama wa watoto wangu, niliyemwoa kwa mbuzi wangu mwenyewe, akatoa kichwa dirishani.

"Inatoka zizini kwetu. Ni chumvi ya ng'ombe."

Kicheko kilichotoka langoni sijui kama kimeisha hata sasa. Akina mama walishikana. Anko alijifunika uso kwa kofia. Muriithi alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Yule mzee mwembamba peke yake ndiye hakucheka, ila mdomo ulikuwa unamchezacheza.

"Basi ni rahisi," akasema. "Hii gari iingie kwanza. Mbuzi itafuata chumvi yake."

"Lakini hiyo nyekundu imeziba lango," mtu akasema.

"Si itolewe."

Na ikatolewa. Muriithi alirudisha nyuma gari lake jekundu hadi kwenye majani kando ya mfereji, akaliegemea, akangoja nipite. Mimi nikaingiza gia. Nikaingia bomani mwendo wa maziko, mbuzi wamenizunguka kila gurudumu, wanatembea wakilamba, wakiachwa nyuma wanapiga kelele wanakimbilia tena. Akina mama walishatunga wimbo mpya wa papo hapo, wa mkwe aliyekuja na gari la kulambwa. Msichana dirishani alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Uso wa Mwangi ukachangamka tena.

Nikaangalia kwenye kioo. Nyuma yangu mbuzi, nyuma ya mbuzi Anko kwa miguu, nyuma ya Anko watu wote, na mwisho kabisa, vumbi likimwingia, Muriithi. Nimetangulia! Nakiri kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha.

Sasa wazee wako ndani wanazungumza. Chakula kinanukia. Mimi niko hapa hapa, kwa sababu nilipojaribu kuegesha Cucu nje mbuzi walinifuata hadi langoni, na yule mzee ameamuru nisilisogeze gari mpaka walambe wamalize; kushuka nako naona aibu, maana nje bado wanaimba ule wimbo. Limebaki tairi moja tu lenye herufi, lile la upande wa ukuta, na kuna beberu anajaribu kupenya. Wanaopita wanapiga picha. Hatimaye Cucu anapigwa picha.

Gari jekundu nimeliona kupitia dirisha. Herufi zake ni nyeupe vilevile, hakuna hata moja iliyoguswa. Tumbo limeanza tena kuniuma.

Tafadhali msicheke. Na mwenye kujua inakouzwa ile kalamu aniambie mimi peke yangu, Muriithi asisikie.