Amplifaya Isiyo na Kelele

Leo nimeingia hasara ya dola mia mbili thelathini na mbili kwa amplifaya ndogo ya besi ambayo mwenye duka alikuwa tayari kuniachia kwa tisini na tano. Nimepiga hesabu mara mbili. Inatoka vile vile.

Nawaandikia nyinyi mlioko Mombasa, kambini na Ulaya. Wa hapa Kismayu hawahitaji kuandikiwa. Walijua kabla yangu mimi.

Mnanifahamu. Mimi ndiye mchu anayebebwa na majirani wakienda kununua friji. Nimewashushia watu bei ya mabati, ya magodoro, ya mbuzi wa akika, na siku moja bei ya kung'oa jino, daktari ameshashika koleo. Mtaani naitwa Punguza. Sasa sikilizeni Punguza alivyoumbuka.

Chanzo ni vikombe. Wiki iliyopita nilileta nyumbani spika kubwa ya bendi ili nifanye mazoezi ya harusi ya Alhamisi hii. Gitaa la besi halipigi kelele ya juu, lina kishindo cha chini, na kishindo hicho hakijui ukuta ni nini. Upande wa pili wa ukuta wangu analala mama mkwe. Nilipiga wimbo mmoja tu. Vikombe vyake vya maua vikaanza kutembea rafuni, vikashuka kimoja kimoja. Sita. (Nilivihesabu mwenyewe nikiviokota. Vipande vilikuwa vingi zaidi.)

Mke wangu Maryamu hakugomba. Angegomba ningemjibu. Alisema tu: "Tafuta kichu kisichosikika kwa mamangu. Ukikikosa, hilo gitaa linaondoka na boti ya kwanza ya kisiwani Chula, likakae kwa kakako."

Akanihesabia dola sitini. "Umesema zinauzwa sitini, sivyo?"

"Sitini," nikasema.

(Haziuzwi sitini. Lakini nilikuwa na themanini nyingine, nilizolipwa kwa kutengeneza mashine za boti, ambazo nyumba haikuwa na habari nazo.)

Asubuhi nikamchukua Omari, kaka yake Maryamu, ambaye ndiye mpiga kinanda wetu. Njiani akaanza uchokozi wake. "Shemeji, mbona unajisumbua? Besi hata mimi naweza kuipiga, kwa mkono wa kushoto tu."

"Mkono wako wa kushoto una kazi yake. Uache huko huko."

Tukafika kwa Abdi. Abdi anauza vitu vya umeme, na kwa miaka aliyokaa kambini Kenya, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Babake alikuwa dalali wa ngamia, akamwachia ile desturi ya soko la mifugo: bei haitamkwi. Mnashikana mikono chini ya shali, vidole ndivyo vinavyozungumza, na waliokaa kando hawaambulii kitu. Abdi anaipenda sana desturi hiyo, maana dukani kwake kila mteja ana bei yake.

Alikuwa na amplifaya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya gitaa la kawaida. "Amplifaya ni amplifaya, walaal, ndugu yangu," akasema. Nikaichomekea gitaa langu, nikagusa uzi mmoja mnene. Ikakohoa.

"Abdi, hii ina kifua."

"Ni mpya. Haijazoea."

Ya pili ilikuwa kubwa kama kabati. Ile isingeishia kwenye vikombe, ingemshusha mama mkwe mwenyewe kitandani. Ya tatu, jamani, ya tatu! Ndogo, ya besi hasa, spika ya inchi nane, na pembeni ina tundu la hedifoni. Ukichomeka hedifoni spika inanyamaza kabisa, unasikia wewe peke yako. Moyo ukaniruka. Uso nikaukunja. (Uso wa mnunuzi uwe kama wa mtu aliyeletewa chai ya jana.)

"Hii si mbaya sana," nikasema, nikipiga miayo.

Abdi akaleta shali. Tukaingiza mikono. Akaanzia mia na hamsini, kila kidole kumi. Nikamjibu sitini. Akacheka, nikacheka, hakuna aliyefurahi. Duka lote likatugeukia: mzee aliyekuja kununua betri za tochi na wanawake wawili waliokuwa wakichagua pasi, macho yote kwenye shali. Chai ikaja, ikapoa. Akashuka, nikapanda. Akashuka tena. Akafika mia, mimi niko tisini. Mwisho akanibana nusu ya kidole: tisini na tano. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nikajua nikishikilia kidogo tu, tisini hiyo inaingia.

Hapo simu ya Omari ikalia. Maryamu.

"Nataka kuisikia hiyo isiyosikika," akasema. "Iweke simu sauti ya juu, uilaze juu yake, na yeye apige."

Mwanamke mwenye akili. Omari akailaza simu juu ya amplifaya. Abdi akanipa hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Nikazivaa. Nikapiga.

Sauti ikaniingia kama mafuta ya simsim ya uvuguvugu. Nzito, laini, kila noti imekaa kwake. Miaka yote napiga besi, sijawahi kujisikia vizuri namna ile. Nikasahau simu. Nikasahau kukunja uso. Nikamwinamia Omari, nikamnong'oneza.

(Nilidhani nanong'oneza. Mtu aliyezibwa masikio kwa besi hana namna ya kujua sauti yake imefika wapi. Hilo nimelijua leo.)

"OMARI! HII SIIACHI! HATA AKISEMA MIA NA AROBAINI NATOA! NINAZO MFUKONI!"

Omari akatoa macho. Nikasema moyoni, naam, na yeye muziki umemshika. (Muziki gani? Alikuwa hasikii hata noti moja!)

"USINIKODOLEE MACHO, ABDI ATAJUA! NA DADAKO USIMWAMBIE! YEYE ANAJUA SITINI! HIZI THEMANINI NI ZA SIRI!"

Mzee akaziweka betri zake chini. Wanawake wa pasi wakashikana mabega. Omari akawa ananionyesha simu kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikadhani anataka nipige kwa nguvu ili dadake asikie. Nikapiga kwa nguvu.

Abdi akanijia taratibu, akaninyanyulia hedifoni sikio moja, kwa upole, kama anamfungua mgonjwa bandeji.

"Mia na arobaini, walaal."

"Abdi! Si tulikuwa tisini na tano?"

"Hiyo ilikuwa ya vidole. Hii umeitamka mwenyewe, mbele ya mashahidi."

"Wallahi nimesikia," akasema mzee. "Mia na arobaini. Ziko mfukoni."

"Na themanini ni za siri," akaongeza mmoja wa wale wanawake, asije mtu akasahau.

Nikatumia dawa yangu ya mwisho, ambayo haijawahi kuniangusha: kuondoka. Hakuna muuzaji asiyemwita mteja akifika mlangoni. Nikafika mlangoni. Kimya. Nikainama kufunga kamba za viatu ili nimpe nafasi. (Nilikuwa nimevaa kandambili.) Kimya. Nikarudi.

Ndipo sauti ikatoka juu ya amplifaya. "Omari, bado upo?"

"Nipo, dada."

"Mwambie shemejiyo nimesikiliza vizuri sana. Amplifaya kweli haina kelele. Mwenye kelele ni yeye."

Duka likalipuka. Abdi alishika kaunta asianguke. Mzee ilibidi aletewe kiti.

Nikalipa. Mia na arobaini, sitini za nyumba na themanini za siri, na siri yenyewe ilikuwa imeshafika sokoni. Nikaibeba amplifaya. Abdi akazichomoa hedifoni.

"Hizi ni za duka. Ukizitaka, kumi na mbili."

"Abdi, bila hizo hili ni sanduku la kelele!"

"Ndiyo maana nakuuzia."

Kuanza kuteta naye tena sikuweza. Utateta vipi na mtu aliyeshaambiwa kilichomo mfukoni mwako? Omari akalipa, atazikata kwenye malipo yangu ya Alhamisi. Njia nzima mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Nyumbani Maryamu alikuwa ameshanipikia chai. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Gitaa litakaa," akasema. "Nimeahidi, na mimi si mchu wa kugeuka. Lakini themanini ulizonificha umezitumia kwa raha yako. Nami nazitaka themanini zangu, za raha yangu."

"Arobaini," nikasema. (Mazoea.)

Akaziokota hedifoni, akazivaa. Hazikuchomekwa popote.

"Sikusikii," akasema.

"Hamsini!"

"Sikusikii kabisa."

"Hamsini na tano, Maryamu, kwa ajili ya Mungu!"

Mama mkwe akajibu kutoka nyuma ya ukuta: "Amefika hamsini na tano, mwanangu! Usikubali!"

Basi hivi ndivyo nilivyo saa hii. Amplifaya iko mezani, gitaa liko mapajani, nyimbo nne za Alhamisi sijagusa hata moja. Hedifoni ziko kichwani mwa Maryamu. Anaosha vyombo nazo, na amesema atalala nazo.

Mwenye dola themanini za kunikopesha mpaka Ijumaa aniambie. Nitalipa zote, nitazihesabu mara mbili mbele yake. Ila tafadhalini, niandikieni. Ujumbe wa sauti mtu asinitumie.