Handibreki ni ya Watu wa Milimani

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Wiki ya tatu na gari. Wiki ya tatu ya kuwa mtu! Jeupe, la Kijapani, mtumba lakini safi. Na ni otomatiki, halina klachi. Mguu wangu wa kushoto umestaafu, kama mimi nilivyostaafishwa pale chama cha ushirika kilipofunga ghala na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao. Watu wanatoka hadi Ikolo kuja hapa Mbugani kuchungulia zile herufi. Nawaeleza bila kuchoka. P ni ya kusimama, R ya kurudi nyuma, D ya kwenda mbele. N sijaijua vizuri. Nawaambia ni siri ya Wajapani.

Doa ni moja tu. Kadi ya gari ina jina la mke wangu, Tulinagwe, kwa kuwa lilinunuliwa kwa mchele wake aliouvusha Malawi misimu mitatu. Leo wakati wa chai ametangaza: mwisho wa mwezi gari liwe na kazi, la sivyo analiuza anunue mashine ya kukoboa mpunga. Mashine! Nitakwenda nayo kanisani? Nikamwambia nina mpango. Akauliza kama ni mpango kama ule wa bata. Bata walikufa kwa mafuriko, na hilo lingeweza kumpata yeyote.

Mpango: gari la bibi harusi. Kyela nzima maharusi wanapanda pikapu ya Yohana, ambayo siku nyingine zote inabeba samaki wa usipa. Bibi harusi anafika kanisani na nzi wake. Sasa basi!

Jumatano, 7 Agosti

Nimelipeleka kwa Aliko fundi. Sikutaka ushauri, nilitaka alione. Akavuta handibreki, ikaja juu tupu, haishiki chochote. Kasema waya umeoza. Kasema otomatiki kuukuu haliegeshwi kwa P peke yake. P ni kijino kimoja tu cha chuma ndani ya giaboksi, na cha kwangu kimelika. Kwanza handibreki ibebe uzito wa gari, ndipo utie P. Kasema kijino hicho siku kikichoka hakiagi.

Nilicheka. Nikamkumbusha kwamba tuko Kyela. Hapa hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Ukiacha mpira uwanjani leo, kesho utaukuta palepale, labda uwe umeibiwa. Handibreki ni ya watu wa milimani. Aliko akasema sawa, Baba Atupele, akaenda kunawa mikono. Mafundi wote wanajitafutia kazi tu. Ule mkono wa handibreki nimeupa kazi ya maana: natundikia kikapu cha ndizi.

Ijumaa, 9 Agosti

USHINDI! Mzee Hebroni amekubali. Ni mzee wa kanisa, ana sauti kubwa na ng'ombe wengi. Mwanawe Hezroni anaoa tarehe kumi na saba, na bibi harusi atapanda gari langu. Yohana alikuwepo. Alinuna! Akauliza kama najua harusi ni kwao bibi harusi, Naomi, huko juu njia ya Tukuyu. Nikasema gari halichagui njia. Akauliza kama nina gogo la kukingia tairi. Gogo! Kwenye gari la Kijapani! Wivu mtupu.

Mzee ametoa sharti moja. Ni Mkristo, lakini kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe mpaka wazee wamalize mambo yao. Siku hizi wengi wamelegeza. Yeye hajalegeza hata uzi. Kwa hiyo atakaa chini ya turubai kule bondeni, chini ya kilima cha kanisa, ameipa barabara mgongo, na Naomi akishaingia kanisani ndipo naye aingie kwa mlango wa pembeni. Nikaapa gari langu halitawakutanisha.

Tulinagwe ametabasamu leo. Kasema harusi ikienda salama, gari linabaki. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumamosi, 17 Agosti

Acha niandike yote.

Safari ilikuwa njema. Riboni, maua, Naomi nyuma na wapambe wawili. Kanisa liko juu kabisa ya kilima. Nikasimama mlangoni pua ikitazama juu, nikatia P, nikazima. Mpiga picha akataka nishuke nimfungulie bibi harusi kiungwana. Wapambe wakashuka kushika shela. Nami nikashuka, nikaubamiza mlango wangu kidogo, watu wasikie unavyofunga.

Tak! Kwa chini.

Gari likaanza kuondoka bila mimi. Kinyumenyume, polepole, kwa heshima zote. Kwaya ikadhani ni sehemu ya shughuli, ikaanza kuimba. Nikalikimbilia, nikashika bampa ya mbele, likaniburuza na suti ya kuazima. Naomi akageuka kutazama kioo cha nyuma ajue anapelekwa wapi. Alikuwa anapelekwa kwenye turubai. Na Mzee Hebroni, kusikia kelele, naye akageuka.

Wakatazamana tangu hatua thelathini hadi hatua mbili. Naomi akajifunika shela, lakini shela lile linaonyesha kila kitu. Mzee akajifunika kitabu cha nyimbo, akachungulia pembeni. Yohana, aliyekuja na wageni kwa pikapu yake, ndiye aliyetupa gogo nyuma ya tairi. Alitupa mara moja tu. Bampa ikasimama ikigusa kiti cha mzee.

Mwe! Naomi, binti aliyelelewa vizuri, akashusha kioo akasema, "Ugonile, tata." Kusalimia pia ni mwiko. Akakumbuka, akapandisha kioo.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa suti.

Jumapili, 18 Agosti

Wazee wamekaa baada ya ibada. Wamenitoza fahali wa kumpoza Mzee Hebroni. Sina fahali. Tulinagwe anaye. Naomi alipelekewa swali kama ana kinyongo, akatuma jibu kwamba angalau sasa anamjua wa kumkwepa. Nasikia mzee alitoka nje akacheka peke yake nyuma ya zizi. Lakini deni la fahali hakulifuta.

Nimeona aibu. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Tulinagwe hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, yule msichana angeweza kufa mle ndani, Baba Atupele. Kisha akazima taa. Ni afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 22 Agosti

Binamu yake Tulinagwe amevuka mto Songwe kutoka Malawi kuja kulinunua gari. Mtu mnene, anafungua na kufunga kila kitu. Kasema hachukui gari bila handibreki, kwao kuna vilima. Aliko akaitwa. Ametia waya mpya, na kijino kingine alichokitoa kwenye skrepa Mbeya. Akavuta handibreki, wanaume wanne wakasukuma. Halikutikisika! Yohana alikuwa mmoja wa wale wanne na alisukuma kwa nia mbaya kabisa.

Nikaona nafasi yangu. Nikamfuata Tulinagwe jikoni, nikapiga magoti kwenye maganda ya ndizi. Nikamwambia bila gari mimi ni mzee wa kuchunga bata tu, na bata wenyewe hakuna. Alicheka! Alijaribu kuzuia, akashindwa. Binamu ameambiwa akasubiri kwao Karonga.

Sharti: handibreki juu kila ninaposimama. Dukani, kanisani, hapa hapa uani, hata kwenye tambarare. Akiikuta chini siku moja tu, gari linavuka mto. Nimeapa kwa Biblia ya marehemu mama yake. Aliko akarudia somo lake: kwanza handibreki, ndipo P. Ndaga fijo, asante sana, Aliko, tumesikia.

Jumamosi, 31 Agosti

Siku tisa, handibreki juu kila kituo. Kiapo ni kiapo. Na nimegundua jambo ambalo Aliko mwenyewe hajaliona. Handibreki ikiwa na nguvu hivi, P ya nini? Kijino kile kililika kwa sababu ya kutumika! Sasa sikitumii. Nasimama, navuta handibreki, naliacha kwenye D injini ikiunguruma, nashuka zangu. Nikirudi nashusha mkono tu, tumeondoka. Linatetemeka kama mbuzi wa kamba aliyeona majani.

Leo Yohana amekuja kubeba mchele wa Tulinagwe. Kaegesha pikapu uani mbele ya gari langu, pua kwa pua, bila hata kuomba. Akataka kuniambia kitu kuhusu hiyo D. Nikamwonyesha handibreki. Iko juu, kama nilivyoapa. Akaenda kupakia magunia. Nimeliacha likiunguruma kwenye D, nimeingia ndani niandike haya nikiwa bado na raha.

Tulinagwe ananiita. Baba Atupele! Baba Atupele! Mara ananiita Andongwisye, jina ambalo hajalitumia tangu tuoane. Asubiri kidogo, namalizia mstari.

Kishindo huko nje. Yohana huyu, miaka yote ya kuendesha, bado hajui kuegesha.