Gumegume la Pili

Wananchi wa Kaunti ya Hemlock Gap, Pennsylvania, walitangaziwa kwa ving'ora vya zimamoto kwamba enzi ya kununua gobore kiholela imekwisha. Kuanzia siku hiyo, yeyote anayenunua bunduki ya kushindilia kwa mara ya kwanza angepitia Ofisi ya Uwezeshaji wa Gobore la Kwanza, ambayo ingemlinda dhidi ya maamuzi yake mwenyewe.

Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Delmar Fenstermacher, alikuwa mtu makini. Hakuwahi kuwinda maishani, kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Aliunda Jopo la Upana wa Mtutu, lililotumia kiangazi kizima kujadili kama risasi ya nusu inchi inamtosha kulungu au inamdhalilisha. Aliunda Kamati Ndogo ya Mafuta, kwa sababu risasi ya gobore huvikwa kitambaa kilichopakwa mafuta kabla ya kushindiliwa, na wajumbe waligawanyika vibaya kati ya mafuta ya kondoo na nta ya nyuki. Zaidi ya yote alibuni Kanuni ya Mgawanyo: baruti na risasi zisikae mikononi mwa mtu mmoja. Ndipo akapatikana Afisa Baruti, Clair Zook, na Afisa Risasi, Mervin Huyett. Kwa tahadhari, hawakuruhusiwa hata kula meza moja.

Arvilla Stauffer, dereva wa basi la shule, alifika ofisini mwezi wa Septemba.

"Nataka gumegume," alisema. "Baada ya Krismasi jimbo halikubali mtu awinde kwa bunduki nyingine. Lazima jiwe ligonge chuma, cheche iwashe baruti. Nipe lenye mtutu mrefu na jiwe la kuchongwa kwa mkono, nirudi kwenye basi. Nikichelewa, wale watoto wataling'oa viti."

"Umewahi kuwa na gumegume, mama?" Mkurugenzi aliuliza.

"Miaka mingi tu. Elwood, marehemu mume wangu. Kazi yake kulalia kochi na kutoa ahadi. Sasa nataka la chuma. Hilo angalau ukiligonga linatoa cheche."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Alitafakari, kisha akatamka rasmi kwamba mwombaji ana uzoefu wa awali wa gumegume, jambo linalohitaji uchunguzi wa kina. Akampa kibati chenye namba kumi na nne.

"Nikae nacho mpaka lini?"

"Utaitwa."

Theluji ikaanguka, na hakuna aliyeitwa. Hapo Tume ya Bajeti ikagundua kwamba ofisi haijamwezesha mtu hata mmoja. Ikatoa onyo: asipopatikana mwenye gobore la kwanza aliyeangusha kulungu kabla ya msimu kufungwa, ofisi itavunjwa na Fenstermacher atarudishwa Kitengo cha Chumvi ya Barabarani, kile cha kuyeyusha theluji, ambako viti havina pa kuegemeza mikono.

Mkurugenzi alifanya jambo la busara. Alijiidhinisha mwenyewe. Shughuli ilikwisha asubuhi moja, kwa kuwa mwombaji alitoa ushirikiano wa hali ya juu. Alichukua gobore refu kuliko yote dukani, akiamini kwamba urefu ni sehemu ya cheo, na pembe ya kutilia baruti yenye nakshi ya tai. Pembe ilikuwa tupu, kama kanuni ilivyotaka.

Siku ya mwisho ya msimu aliingia msituni na Mervin. Clair, Afisa Baruti, alikuwa likizo aliyoidhinishiwa na Mkurugenzi mwenyewe, pamoja na pongezi. Mervin aliivika risasi kitambaa, akaisukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ikakaa chini kabisa.

"Upande wa risasi umekamilika, Bwana Mkurugenzi."

"Umekamilika. Vizuri sana."

"Nilisema upande wa risasi."

"Nimekusikia, Mervin. Umekamilika."

Mervin aliondoka na gari la ofisi, maana muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Haukupita muda, kulungu dume akatokea kati ya misonobari, akasimama ubavu, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mkurugenzi akalenga. Jiwe likagonga chuma, cheche zikaruka. Kimya. Kulungu akatazama, akatafuna kidogo, akatazama tena. Mkurugenzi akavuta mara ya pili. Kulungu akaondoka polepole, kwa heshima.

Ndipo Mkurugenzi alipoelewa maana ya upande wa risasi.

Hali haikuwa mbaya, ila ilikuwa na vifungu. Kwa Kanuni yake ya tisa, bunduki yenye risasi ndani hairuhusiwi kuingia kwenye gari wala nyumbani, wala kuachwa bila mwangalizi. Kwa kanuni hiyohiyo, risasi hutolewa kwa kufyatua tu. Kufyatua kunahitaji baruti. Baruti inahitaji Clair, naye Clair alikuwa Florida. Mkurugenzi alikaa juu ya gogo, akafurahi jinsi kanuni ilivyoandikwa bila mwanya.

Jua lilikuwa likishuka Arvilla alipopita, akivuta dume mnene juu ya sleji ya plastiki ya kutelezea thelujini, gumegume begani.

"Mbona unatetemeka, Delmar? Umeona dubu?"

"Mama, hilo gobore umelipata wapi? Hujaitwa!"

"Nimelinunua dukani. Ofisi yako inashughulikia la kwanza. Mimi nimenunua la pili."

"La kwanza liko wapi?"

"Makaburini. Si ulitamka mwenyewe, mbele za watu, kwamba nina uzoefu wa awali?"

Mkurugenzi alimtazama yule kulungu. Akilini aliona kiti chake cha ofisini, chenye mikono yote miwili.

"Dada Arvilla," alisema kwa upole, "nakuomba useme ni la kwanza."

"Nikisema hivyo nimelinunua kinyume cha sheria. Utanikamata?"

"Itabidi."

"Basi ni la pili."

Upepo ukavuma. Mkurugenzi hakuhisi tena vidole vya miguu.

"Una baruti kidogo, mama? Ukinitilia chembe tu kwenye kitundu cha moto, risasi itatoka, niende nyumbani."

"Ninayo tele." Arvilla aliegemea sleji. "Ni mara yako ya kwanza kuomba baruti?"

"Ndiyo."

"Pole. Wa mara ya kwanza wana utaratibu wao." Akapekua mfuko wa koti, chini ya vitambaa vya risasi na mabaki ya biskuti, akatoa kile kibati cha namba kumi na nne na kumwekea kiganjani. "Shika. Utaitwa."

Akaikaza kamba ya sleji, akaanza kushuka mlima akipiga mluzi.

Mkurugenzi alikigeuza kibati. Kilikuwa halali, kimepigwa mhuri, na namba ilisomeka vizuri. Alisimama wima ili asipoteze nafasi yake kwenye foleni, akapaza sauti:

"Mama! Sasa hivi wamefika namba ngapi?"