Redio ya Wembe na Penseli

Jumatatu, 4 Machi
Nimeua redio ya mama. Nilitaka kuiongezea nguvu tu, asikie vizuri. Ikatoa moshi, ikanyamaza. Mama hajainuka kitandani mwezi mzima sasa; kilichombakia ni kipindi cha salamu, saa tisa alasiri. Ameuliza mbona kimya. Nikamwambia watangazaji wamegoma.

Jumanne, 5 Machi
Dada kanituma kwa Fundi Solda, jirani yetu mwenye banda la redio. Nimekwenda shingo upande. Solda kasema ataitengeneza bure. Bure! Anataka mtaa mzima ujue. Nimerudi nayo kwapani. Nitaunda yangu mwenyewe, isiyotaka umeme wala betri. Niliwahi kusoma namna yake: waya, wembe wenye kutu, ncha ya penseli.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshinda jalalani. Nimepata sumaku ya spika iliyopasuka na kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Hivyo viwili vitakuwa spika ya sikioni. Waya mwembamba wa shaba nimeutoa kwenye feni mbovu ya dada. Jioni dada kaniarifu kwamba feni ilikuwa nzima. 

Ijumaa, 8 Machi
Waya wa kuanikia nguo sasa ni antena. Nguo ziko juu ya ua. Nimezungusha ule wa shaba kwenye chupa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Solda kapita, kachungulia, kasema najisumbua: mitambo ya masafa ya kati ilizimwa zamani, salamu siku hizi ziko FM, na wembe hauwezi kuzidaka. Wivu huo. Nimemwonyesha njia kwa adabu.

Jumamosi, 9 Machi
Saa tisa kamili. Nilijaribu kwanza mwenyewe: kimya. Nikamwekea mama kifuniko sikioni. Penseli lazima ishikiliwe juu ya wembe, isicheze hata kidogo, kwa hiyo nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuishika. Mama akafumba macho, akatabasamu. Akasema anasikia! Wamesoma salamu za rafiki yake wa usichana. Mimi nilidhani huyo alishakufa. Basi alipona. Mama akaniomba nisiachie penseli mpaka kipindi kiishe. Mkono umekufa ganzi. Jioni nimepita mbele ya banda la Solda mara tatu, nikipiga mluzi.

Jumatano, 13 Machi
Kila siku saa tisa ni mimi na penseli. Leo nilitaka kuifunga kwa mpira ili niende zangu jalalani. Mama kakataa katakata, eti ikifungwa sauti inakwaruza. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Chepesi mno kile kiganja, kimenitia hofu. Kasema leo kuna salamu zangu, nimetajwa kwa jina langu la utotoni. Nikauliza nani kazituma. Kasema hawakutaja.

Jumapili, 17 Machi
Mama ametutoka asubuhi. Saa tisa nilijikuta nimeshika penseli. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 20 Machi
Tumeshazika. Solda alibeba jeneza mbele yangu na hakugusia redio hata kidogo. Nimemchukia kwa hilo pia.

Leo dada kaniambia, huku analia, kwamba mama hakusikia chochote tangu siku ya kwanza. Mama mwenyewe alimwambia dada kwa siri. Ila hakutaka niache, kwa sababu tangu nikiwa mdogo sijawahi kukaa naye saa nzima.

Nimelia mpaka kifua kimeuma. Kisha nikakaa nikafikiri sana, tangu asubuhi hadi mchana, na kosa langu nimeliona. Antena ilikuwa fupi.

Dada kaniomba nikae naye chumbani kwa mama leo, japo kidogo, maana ikifika saa tisa hali yake huwa mbaya. Nimemwambia anivumilie. Nakimbilia jalalani kutafuta waya.