Kiti cha Kutazamana na Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Habari kubwa! Mkwe ananunua gari. Gari la dizeli, lililonyanyuka kutoka ardhini, la viti saba, la kutufikisha shambani Tiwi hata ikinyesha wiki mbili.

Alitangaza leo baada ya chakula cha mchana. Mimi barazani, yeye ukumbini, pazia katikati. Nieleze hapa, ingawa shajara hii ni siri na haina msomaji. Katika ukoo huu wa Likoni niliooa, mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaingia majanini mpaka apite. Ni miaka ishirini na sita tangu nimwoe Mishi, na Bi Mwanasaumu, mamake, hajanitamkia neno. Husema, “Mishi, mwambie mumeo,” nami nimekaa hatua mbili tu, nasikia yote. Mishi hurudia. Mimi hujibu. Mishi hurudia tena. Tukijadili bei ya nazi asubuhi huisha. Ndiyo adabu.

Basi Mishi aliambiwa amwambie mumewe kwamba kuna magari mawili kwa Katana, mwuza magari wa Changamwe. Waume wa binti zake wawili wakayatazame. Atakayemchagulia gari ndiye atakayeshika ufunguo.

Ufunguo! Mwenye ufunguo husubiriwa. Akisema twende, watu huenda. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi walikuwa wakisubiri kengele. Mimi sijapata kusubiriwa.

Mshindani wangu ni Mbwana, mume wa Salme, shemeji yangu. Yaani ni mwanyumba wangu, sote tumeoa nyumba moja. Karani wa bandarini. Huendesha pikapu ya kazini kwa mkono mmoja, mkono wa pili nje ya dirisha kama anauanika. Mimi pia nina leseni. Tangu mwaka 1963! Sijaitumia, ndiyo maana haijachakaa.

Jumanne, 6 Agosti

Changamwe. Jua kali. Magari nimeyaona. Majina ya viwandani siyaandiki, maana shajara ikianguka mikononi mwa Mbwana atajua nimeelekea wapi. Moja jeupe, moja la kijani. Nyeupe na Kijani, inatosha.

Nilimweleza Katana tofauti ya dizeli na petroli. Akasema yeye ameuza magari miaka kumi na minne. Nikamwambia asivunjike moyo, elimu haina mwisho.

Mbwana hakuuliza lolote. Akapiga gurudumu teke, akanusa ndani, akasema: hili, Kijani. Basi! Uchunguzi umekwisha. Mpaka hapo sikuwa na upendeleo wowote. Tangu hapo naona wazi kwamba Nyeupe ni bora.

Injini sawa. Uimara sawa. Yote mawili yanapanda mahali ambapo mbuzi angefikiri kwanza. Tofauti ni viti viwili vya nyuma kabisa. Katika Nyeupe vinatazama mbele, kama darasani. Katika Kijani vimepigwa ubavuni, kimoja huku, kimoja kule, vikitazamana. Anayekaa huku magoti yake yanagusana na ya aliye kule. Mbwana hakuliona hilo. Hakuona kitu! Mimi nililiona, ila sikujua bado la kulifanyia.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeandika ripoti. Kurasa kumi na moja. Mvua za masika, aina za udongo kutoka Likoni hadi Tiwi, ramani yenye mistari ya miinuko. Gari lenyewe linaingia ukurasa wa tisa. Hakuna haja ya haraka.

Nikamsomea mkwe kupitia pazia, na Mishi akirudia. Ukurasa wa tatu Mishi akaanza kufupisha. Wa nne akawa anasema tu, “Anasema ni udongo, mama.” Wa tano nikasikia mtu anakoroma ukumbini. Nilidhani ni Bi Barke, dadake mkwe, ambaye husinzia popote. Hapana. Wote wawili.

Alipoamka, Mishi aliambiwa amwambie mumewe kwamba yeye aliulizia gari, hakuulizia udongo. Udongo anao.

Salme alicheka mpaka akashika ukuta. Leo jioni Mbwana anajua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata! Wallahi, nimepata!

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajikata, lakini nimepata. Kijani kitajiangusha chenyewe. Kinachotakiwa ni mkwe akae nyuma kiti kimoja, na Mbwana akae cha pili. Goti kwa goti! Jicho kwa jicho! Bi Mwanasaumu hatapanda gari hilo tena hata aitwe kwenye karamu. Nami sitakuwa nimesema neno.

Kuna zaidi. Jumamosi mwezi unaandama. Kwa hiyo Jumapili ni bamvua: maji yakijaa, yanajaa mno, yakitoka, yanatoka mno. Saa nne na nusu asubuhi yatakuwa yametoka kabisa, na feri itakuwa chini kabisa. Gari litateremka kama linaingia kisimani, tena kwa mshazari, kwa maana hivyo ndivyo watu wa feri wanavyoyapanga. Mbwana atayumba. Mbwana atateleza. Mbwana atamgusa mkwe! Elimu ya jiografia hatimaye inalipa.

Kwa kupitia Mishi nimemsifia mkwe kiti cha nyuma. Mlango wake una kidaraja cha kukanyagia, magoti yake hayatapata taabu. Dirisha lake peke yake. Hakuna wa kumbana. Nilisifu kwa dakika arobaini. Mishi akaniuliza kwani mimi nataka Kijani? Nikamwambia mambo mengine ni mazito kwa sasa.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa Mbwana aliwaambia watu mlangoni pa msikiti kwamba Mwalimu Stambuli anachagua gari kwa ramani. Mzee mmoja akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama ile mistari ya miinuko hupata pancha.

Nilitabasamu. Jumapili i karibu.

Mpango wa viti nimeuandika kwenye kadi. Mbele: Katana kwenye usukani, mimi kando yake. Katikati: Bi Barke, Mishi, Salme. Nyuma: mkwe na Mbwana. Mzee Mwidani, kakake mkwe, atabaki nyumbani. Yeye ndiye mwamuzi wa mambo ya ukoo, na mwamuzi hatumwi kujaribu gari.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Katana alileta Kijani saa tatu. Safari: kuvuka feri, kuwapelekea jamaa wa Kibokoni mbaazi za nazi, kurudi. Mkwe alikuwa ameipakata sufuria mwenyewe. Haiamini mikono ya mtu kwa mbaazi zake.

Kabla ya kuondoka niliona vyema nimweleze Katana habari za bamvua. Mwezi, jua, mvuto. Alikuwa msikilizaji mzuri. Alikuwa hana pa kwenda. Nilipogeuka, watu wote wamo garini. Na mbele, kando ya usukani, mkono nje dirishani: Mbwana! Nikamwonyesha kadi. Akasema, “Mwalimu, mimi nyuma hutapika.” Karani wa bandarini, anatapika garini! Nikasema nitabaki. Salme akaita kutoka ndani kwamba mbaazi zinapoa kwa ajili yangu.

Kiti kilichobaki ni kimoja.

Niliingia kinyumenyume. Nikafungua ripoti yangu, nikaishika mbele ya uso kama pazia. Magoti yangu niliyakunja mpaka yakafika kifuani. Hayakutosha. Kila shimo, goti kwa goti. Kila shimo nikasema, “Astaghfirullah.” Barabara hiyo ina mashimo mengi. Bi Barke akadhani nafanya dhikri, akaitikia.

Tukafika feri. Saa nne na nusu barabara. Maji yametoka kabisa, kama nilivyokokotoa. Nilikuwa sahihi kwa kila kitu! Katana akateremka kwa mshazari, gurudumu moja likatangulia, gari likainama ubavu, na mimi nikaondoka kitini.

Nitaandika kwa ufupi. Ripoti ikaruka. Nikaanguka mapajani kwa mkwe. Kofia yangu, na kipaji cha uso kikiwa bado ndani yake, ikaingia kwenye sufuria.

Ndipo Bi Mwanasaumu akanitamkia maneno yake ya kwanza kwa miaka ishirini na sita. Alisema: “Mbaazi zangu!”

Feri nzima ilisikia. Kule mbele mabega ya Mbwana yalikuwa yanatikisika.

Jumatatu, 12 Agosti

Mzee Mwidani ameita kikao. Nilisimama uani kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

Nikaanza kueleza: mvuto wa mwezi juu ya maji. Mzee Mwidani akauliza kama mwezi ndio ulioanguka mapajani kwa dadake. Nikasema la. Akasema basi tuuache mwezi.

Hukumu: mbuzi mmoja, doti moja ya kanga, na kuomba radhi nyuma ya pazia. Nikishatoa, haya imelipiwa, hakuna wa kulitaja tena. Mbwana akauliza, kwa adabu tele, kama kulitaja kunaruhusiwa mpaka mbuzi afike.

Mbuzi nimempata Mtongwe. Njiani amekula ripoti, kurasa nne hadi saba. Amekuwa msomaji wangu makini kuliko wote. Kanga nilinunua bila miwani. Nyumbani Mishi akasoma maandishi yake: “Sikukuita, Mbona Umekuja.” Ikabidi nirudi dukani.

Lakini moyoni nimetulia. Baada ya balaa lile, mkwe ataweza kukipenda Kijani? Hawezi! Sura yangu imeharibika, lakini Nyeupe imeshinda.

Jumatano, 14 Agosti

Amechagua Kijani.

Mishi aliambiwa amwambie mumewe ahsante. Ahsante! Kwamba kile kiti cha nyuma ni kama nilivyokieleza. Kidaraja kizuri. Dirisha lake peke yake. Kwamba tangu azaliwe amekuwa akibanwa katikati ya watu, na hakuwahi kujua, mpaka mumewe Mishi alipomweleza kwa dakika arobaini, kwamba mtu aweza kupewa kiti cha heshima. Mbaazi zilimwagika, lakini kiti hakikuwa na kosa.

Mbwana akanipa mkono. Akasema sijawahi kumweleza mtu kitu akaelewa vizuri namna hii.

Nikaona bado kuna mlango. Mimi ndiye niliyemshawishi, basi ufunguo ni wangu! Nikalisema hilo. Mkwe akafikiri. Mishi aliambiwa awaambie wanaume wote wawili wakaendeshe, mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi minazi ya mwisho na kurudi.

Mbwana aliendesha. Mimi nilieleza.

Nilianza na klachi. Nikaeleza kazi yake, kisha gia, kisha kwa nini dizeli huhitaji subira kabla ya kuwashwa. Nilipomaliza, adhana ya alasiri. Watu wakaenda kuswali. Gari nililiacha mahali pale pale, bila mkwaruzo. Hilo hakuna aliyelisifu.

Ufunguo amepewa Mbwana. Ameutia kwenye mnyororo mrefu na anauzungusha kidoleni.

Ijumaa, 16 Agosti

Safari ya kwanza ya Tiwi. Watu saba, viti saba. Mzee Mwidani akapanga watu. Mbwana kwenye usukani: mgongo kwa mkwe, adabu imetimia. Mzee mwenyewe mbele, kwa umri. Bi Barke, Mishi na Salme katikati. Mkwe kwenye kiti chake cha heshima, na kanga yake mpya.

Na kile kinachotazamana naye? Nikasema mimi nitapanda basi.

Mzee Mwidani akasema hapana, na wanawake wakishakaa hawahamishwi. Mwanamume mwingine akikaa pale ni aibu, na haya yake itabidi ilipiwe. Yangu imekwisha kulipiwa. Mbuzi ameliwa. Katika ukoo mzima, mkwe wa kiume mwenye ruhusa ya kukaa pale ni mmoja tu. Kuanzia leo ni kiti changu, kila Ijumaa, maisha.

Mbwana akazungusha ufunguo. Akasema, “Twende.” Watu wakaenda.

Saa nzima, goti kwa goti. Pua yangu na sufuria ya mbaazi. Bado hasemi nami. Karibu na Ng'ombeni akasema, “Mishi, mwambie mumeo aondoe mguu wake juu ya wangu.” Mishi akageuka, akarudia. Nikamwomba Mishi amwambie mamake kwamba huo ni mguu wake yeye mwenyewe. Tukalijadili hilo mpaka Waa.

Lakini safari haikuwa bure! Nikiwa pale nyuma nilimsikia mkwe akimwambia Bi Barke kwamba ukumbi wake sasa unataka makochi. Kuna seti mbili kwa fundi mmoja wa Mtopanga, zote za watu saba. Moja ya kupanga ukutani, watu wote watazame upande mmoja. Nyingine ya kupanga mkabala, watu watazamane.

Mbwana, kutoka kwenye usukani, akasema hiyo ya mkabala ndiyo nzuri.

Haoni kitu! Hajapata kuona kitu! Nimekwisha nunua daftari jipya. Nitamsifia mkwe kochi la mkabala, nitamwomba alijaribu, na nitahakikisha kwamba atakayeketi mbele yake siku hiyo ni Mbwana. Kadi ya viti nimeshaiandika. Sioni mahali ambapo mpango huu unaweza kuharibika.