Madebe Kumi na Mawili na Nyongeza Yake

Zamani, kabla sijaoa, niliteremka Kirando, kule ziwani, kununua dagaa. Mama mmoja akanipimia bakuli, likajaa, kisha akachota wengine kwa mkono akawamwaga juu mpaka wakaporomoka. Nikamwambia, "Mama, bakuli si limeshajaa?" Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyelelewa na mbuzi. "Mwanangu, mkono usioongeza ni mkono wa maiti." Dagaa wenyewe walikuwa nusu mchanga (magego yangu mawili ni mashahidi, ila kwa sasa hayapo kutoa ushahidi), lakini neno lile nilipanda nalo mlima mpaka Namanyere, na nimeishi nalo hadi leo.

Leo asubuhi limeniumbua mbele ya watu.

Kwa wasionijua humu kwenye kundi la simu (mko wengi, mmeingizwa na watoto wenu), mimi ndiye mpimaji wa ghala la kikundi chetu cha wakulima, hapa nje kidogo ya Sumbawanga. Mteja akija kununua mahindi, anayeshika debe ni mimi. Sina cheo kingine duniani. Hata nyumbani mwenye nyumba anajulikana, na si mimi.

Sasa viongozi wetu wameona mbali. Wamesema mpimaji lazima asome na afaulu maswali ya mtandaoni. Asipofaulu, debe linakwenda kwa shemeji yangu Kalisto, mdogo wa mke wangu, anayelitamani debe lile kuliko wengine wanavyoitamani mbingu. Tukakusanywa wanakikundi ukumbini, kila mmoja na tableti yake, kioo kinang'aa kama sahani ya harusi. Mwalimu ni binti wa Mbeya, Atupele, mpole, shikamoo yake anapiga goti kabisa.

"Babu, swali likitokea, andika jibu halafu bonyeza hapa. Ukipata inakuwa kijani, ukikosa nyekundu. Una nafasi tatu kila swali."

Swali la kwanza: magunia mawili, kila moja lina madebe sita, jumla ni madebe mangapi? Nikaandika kwa kidole kimoja, kwa utulivu wa msomi wa darasa la pili: kumi na mbili. Nyekundu.

"Babu, andika tarakimu, siyo maneno."

Nikaandika 12 madebe. Nyekundu.

"Tarakimu peke yake, babu. Toa hilo neno madebe."

"Nikilitoa, mashine itajuaje kwamba sisemi mbuzi?"

"Inajua, babu."

Inajua. Basi kama inajua, inaniuliza ya nini? Nikaandika 12. Kijani. Kalisto, aliyekaa nyuma yangu, akapiga makofi mawili ya polepole, yale ya kumpongeza mtoto aliyekwenda chooni mwenyewe.

Ikaja nusu. Kumbe nusu nayo haiandikwi moja juu ya mbili kama tulivyofundishwa kwa chaki. Wala koma haitakiwi. Unaweka nukta, unaweka tano. Nusu debe nzima, inayoweza kulisha nyumba, imegeuzwa kinyesi cha nzi na tano pembeni. Sawa. Nikaandika 7.5 na ikawa kijani mara ya kwanza tu. Nikageuka nikamtazama Kalisto mpaka akaanza kukagua dari.

Swali la mwisho: mteja amenunua madebe kumi na mawili, utampimia madebe mangapi?

Moyo ukatulia. Hii ndiyo kazi yangu. Nikaandika 12.5, na nukta yangu safi. Nyekundu.

Nikawaza, hapa mashine imeniona mchoyo. Na kweli, mteja akiwa ametoka mbali, tuseme Mwimbi, nyongeza ya nusu debe ni aibu. Nikaandika 13. Nyekundu. Mashine gani hii yenye tamaa? Nikafumba macho, nikaandika 14, kwa uchungu, kama baba anayetoa mahari. Nyekundu.

Atupele akawasha mashine ya kurusha picha ukutani ili tusahihishe pamoja. Majina yote yakatokea na majibu yake. Kila mtu 12. Kalisto 12. Desideri (ndiye mimi), 12.5, 13, 14, kwa maandishi makubwa kama tangazo la msiba.

"Babu, haya ya ziada yametoka wapi?"

"Hiyo ni nyongeza, mwalimu."

Kalisto akauliza kwa sauti ya asali, "Shemeji, na kule ghalani huwa unapimaje?"

"Kama siku zote."

"Ndiyo tunauliza. Siku zote ni vipi?"

Mwenyekiti wetu, mama Skola, akavua miwani. Ndugu zangu wa kundi hili, ghala letu hupungua kila msimu, na kila msimu tunakaa kikao cha panya. Tumeziba matundu. Tumetega mitego. Tulileta na paka, tukamfukuza kwa kosa la uvivu, na mkono wa kwanza kunyooka siku ile ulikuwa wangu.

"Yule paka yuko kwa nani siku hizi?" akauliza mama Skola.

"Kwangu," akasema Kalisto. "Amekonda kwa fedheha."

"Arudishwe kazini. Na aombwe radhi."

Nikasimama. Nikavaa koti, nikachukua kofia.

"Babu, hatujamaliza," Atupele akasema.

"Natoka nje kidogo, mwanangu."

Nikapita mlangoni. Nikapita ghalani, debe langu limefunikwa pale pale, sikuligusa. Nikapita na kwa jirani bila kusalimia. Sasa niko jikoni naota moto, simu inaita, nakata, naendelea kuandika. Tableti nimeiacha kule ukumbini mezani inawaka. Kama inajua kila kitu, itajua pia kwamba sirudi, leo wala kesho.

Chekeni, lakini chekeni kwa kiasi. Atakayezidisha, siku akija kwangu kuomba mbegu ya ulezi, nitampimia tarakimu peke yake.